Namba ya Kanduyi

Wakati wa kuvuna, Kitale huvaa vumbi la mahindi. Vumbi hilo huingia madukani, huingia machoni na kwenye chai, na zaidi ya yote huingia ndani ya kompyuta. Ndiyo maana mwezi huo wa Novemba duka la Hashim, fundi wa kompyuta karibu na msikiti, lilikuwa limejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Emmy, msaidizi wake, alikuwa ameinama juu ya moja, ya karani wa ghala la nafaka, akiipuliza vumbi huku akimhubiria mwenye mashine.

"Kompyuta inapumua kama mtu," alisema. "Ukiziba haya matundu ya nyuma, inapata joto. Ikipata joto inaanza kukosea. Halafu inakufa."

"Ati inapumua!" karani akacheka. "Na chai inakunywa na sukari ama bila?"

Hapo simu ya Emmy ikatetemeka mezani. Alisoma ujumbe mara moja, akaurudia, kisha akakalia ndoo ya rangi iliyokuwa karibu.

"Mwalimu," Hashim alimwita toka nyuma ya kaunta. Alimwita hivyo tangu siku alipogundua kwamba msichana huyu wa Kanduyi alikuwa na digrii ya hisabati. "Mwalimu, kuna msiba?"

"Hapana. Imepatikana."

"Nini imepatikana?"

"Namba."

Ilikuwa habari ndefu, na Hashim aliijua nusu tu. Kuna namba ambazo hazigawanyiki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuendelea bila mwisho. Watu wa hesabu huziita namba tasa. Kadiri unavyopanda juu ndivyo zinavyokuwa adimu, na huko juu kabisa, kwenye namba zenye tarakimu zaidi ya milioni arobaini, ni kama kutafuta punje moja ya wimbi kwenye ghala la mahindi. Maelfu ya watu duniani huazimisha kompyuta zao kwa utafutaji huo. Kila mashine hupewa namba yake ya kupima, huifanyia kazi kwa majuma mengi bila kupumzika, na karibu kila mara jibu huwa hapana.

Emmy alijifunza mambo hayo chuoni kwa Daktari Jepkemboi, na kuna jambo moja lililomshika moyo hadi akamaliza masomo akiwa nalo. Katika utafutaji huu hakuna anayeulizwa ametoka wapi. Mashine ya tajiri wa ng'ambo hupewa namba moja ya kupima, na mashine ya Kanduyi hupewa moja. Emmy alikuwa mtu wa kuamini vitu kama hivyo. Alikuwa bado anaamini.

Ujumbe ulisema kompyuta yake imetoa taarifa ya namba tasa ambayo haijawahi kujulikana. Wasimamizi wangeirudia hesabu kwa mashine nyingine, na hadi hapo walimwomba asimwambie mtu.

Alimwambia Hashim, kwa kuwa alikuwa amesimama pale, na kwa kuwa mashine yenyewe Hashim ndiye aliyempa. Ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vizuri alivyoviokota hapa na pale. Ilikuwa na nguvu, ila isingekubali programu mpya, ile inayojikagua njiani. Ikatumia ya zamani, inayopiga hesabu na kuamini jibu lake. Alimwambia pia Daktari Jepkemboi kwa simu.

Daktari hakushangilia. "Emmy, nisikilize. Wakithibitisha, nafasi ya kurudi kusoma ni yako. Nitaingia mbele ya kamati mimi mwenyewe. Lakini wathibitishe. Bila hiyo sina cha kuwaambia."

Kisha Emmy akampigia mamake, Wilkista, maana kompyuta ilikuwa kwake. Mwenye nyumba wa Matisi, mtaa wa Kitale alikopanga Emmy, alikuwa amepiga marufuku mashine yoyote ya kula stima mchana na usiku. Kule Kanduyi, Bungoma, karibu na uwanja wa michezo, stima haikupotea ovyo. Kwa hiyo tangu Agosti kompyuta ilikaa sebuleni kwa mama, kando ya televisheni, na mama alikuwa amepewa amri moja tu: isizimwe.

"Usimwambie mtu, mama. Tafadhali."

"Nimwambie nani mimi? Nitamwambia Mungu peke yake."

Alimwambia Mungu kanisani, kwa sauti, wakati wa maombi ya shukrani. Kabla ya jioni hapakuwa na mtu Kanduyi ambaye hakuwa amesikia.

*

Jumamosi iliyofuata chama cha akina mama kilikuwa zamu ya Wilkista. Yeyote aliyewahi kukaribisha chama anajua maana yake. Wageni hawaanzi kwa chakula, wanaanza kwa macho. Wanaangalia vitambaa. Kila kiti lazima kiwe na chake mgongoni na mikononi, kila stuli na chake, televisheni na redio na friji vivae, na vyote viwe vimefuliwa na kunyoshwa hadi maua yasimame. Nyumba ambayo vitu vyake viko uchi ni nyumba ya mtu aliyekata tamaa, au ya mwanamume anayeishi peke yake. Na hakuna mkono uliojua sindano ya kufumia kama mkono wa Wilkista. Alifuma akingoja daktari, alifuma mahubiri yakiendelea, alifuma hata kwenye matanga ya mumewe mpaka wazee wakamwonea huruma.

Emmy alifika wageni wakiwa wameshaketi. Alipigiwa vigelegele mlangoni.

"Mwenye namba amefika!"

"Tuonyeshe basi hiyo namba, mama!" alisema Mama Wakonyo, jirani yao, aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe. "Ama umeificha kwa mkoba?"

"Ukiichapa kwa vitabu, hii chumba haitoshi," Emmy alisema akitabasamu.

"Woi! Na itaitwa nani?"

"Namba ya Kanduyi," Wilkista alidakia kabla bintiye hajajibu. "Wazungu wakitaka wasitake."

Walicheka wote isipokuwa mtu mmoja, Hillary, ndugu ya Wilkista, aliyekaa kwenye kiti kikubwa akiwa na kikombe cha chai juu ya goti. Alikuwa na duka la dawa za mifugo na mbegu huko Endebess, na Emmy alimwita Khocha, kama Mbukusu yeyote anavyomwita mjomba wake. Walikuwa na ahadi. Mwaka ukiisha bila digrii ile kufungua mlango wowote, Emmy angeacha kuhangaika na angekwenda kusimama nyuma ya kaunta yake. Hillary hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amechoka kuulizwa na watu mpwa wake anafanya nini.

"Mimi nauliza kama mtu hajasoma," alisema. "Hiyo namba inafanya kazi gani?"

"Khocha, ukituma pesa kwa benki kwa njia ya simu, siri yako inafungwa na namba kama hizi. Zinachukuliwa mbili, zinazidishwa. Kuzidisha ni rahisi. Lakini mwizi akiona jibu, kurudi nyuma ajue zilikuwa gani, hawezi hata akizeeka."

Hillary aliitoa simu mfukoni akaiangalia kwa heshima mpya. "Kwa hivyo hii yako itafunga simu yangu?"

Emmy angeweza kusema ndiyo. Chumba kizima kilimngoja aseme ndiyo. Lakini ukweli ulikuwa mwingine, na yeye hakujua kuuzunguka.

"Hapana. Zile za simu ni ndogo, tarakimu mia kadhaa tu. Hii ni kubwa mno. Kwa sasa… haina kazi."

"Haina kazi!" Hillary akapiga goti, chai ikamwagika. "Si basi imefanana na mwenyewe!"

Wengine walicheka, wengine wakamzomea. "Wewe Hillary, wacha mtoto!" Emmy aliendelea, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akielezwa vizuri ataelewa.

"Kutafuta kwenyewe kuna faida, Khocha. Hata watu wanaotengeneza kompyuta hutumia hesabu hii kupima mashine kama ni nzima. Ikiwa na kasoro hata ndogo, hesabu hii itaianika."

"Sasa hapo umesema," Mama Wakonyo alisema, ingawa ilikuwa wazi hakuelewa.

Wakati huo Wilkista alikuwa ametoka nje. Alirudi amebeba kitu mikononi kama mtu aliyebeba mtoto anayekwenda kubatizwa.

"Ilikuwa bado inakauka," alisema. "Nisameheni, alikuwa uchi mbele ya wageni."

Lilikuwa vazi la kompyuta. Hakuna neno lingine. Alikuwa amelifuma kwa uzi mnene uliokunjwa mara mbili, rangi ya damu ya mzee na maziwa, maua yakizunguka pande zote na marinda yakining'inia chini. Kwa ndani alikuwa ameshonea plastiki ya kitambaa cha meza ili vumbi lisipate pa kupenya. Alilivisha taratibu, akavuta mbele, akavuta ubavuni, kisha akainama nyuma na kulichomekea vizuri pale kwenye waya, mahali penye matundu ambayo feni hutolea joto. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi. Ilikuwa imekwisha kupewa namba nyingine ya kupima.

Akina mama walishangilia kuliko walivyoishangilia namba.

"Wilkista, mimi nataka kama hiyo ya mashine yangu ya cherehani!"

Emmy alisimama. Alivuka chumba, akaweka kiganja juu ya maua. Alikaa hivyo muda, na ule moto ukapanda polepole kupitia uzi, kama moto wa tumbo la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ulianza lini kuivalisha?"

"Nilimaliza wiki ya Mashujaa. Ukiona nimechelewa, ni uzi ulipotea Bungoma nzima." Wilkista alikuwa aking'aa. "Na sijaizima hata siku moja, Emmy. Hata pasi naenda kupiga kwa jirani, nisije nikaipunguzia stima."

Wiki ya Mashujaa, ile sikukuu ya Oktoba. Hesabu ilianza Agosti na kwisha Novemba. Majuma yote ya mwisho mashine ilikuwa imefungwa ndani ya uzi na plastiki, ikipiga hesabu bila kupumua, ikiogopa kuzimwa na isijue kulalamika. Hesabu ile ni mnyororo. Pete moja ikikosewa katikati, zote zinazofuata ni uongo, na uongo huo unaweza kutoka na sura yoyote. Hata sura ya ndiyo.

"Tuimbe basi," Mama Wakonyo alisema. "Si tumshukuru Mungu kwa Namba ya Kanduyi?"

Waliimba. Emmy alipiga makofi pamoja nao. Wageni walipoondoka alilivua lile vazi na kulikunja.

"Iache hivi kwa sasa, mama. Ipumzike."

"Na vumbi?"

"Nitakuja kuitoa vumbi mimi."

Aliangalia vile vidole vya mamake, ncha zake zilizotobolewa na sindano, na neno lililokuwa mdomoni likarudi lilikotoka.

*

Barua ilikuja katikati ya juma. Ilikuwa na adabu nyingi. Mashine nyingine zilikuwa zimeirudia hesabu, kila moja kwa njia yake, na zote zikakubaliana kwamba namba ile si tasa. Walishuku kompyuta ilipata joto kupita kiasi. Walimshukuru kwa mchango wake, na wakamalizia kwa kusema kwamba, kama ajuavyo, hesabu hizi ni kipimo kizuri sana cha afya ya mashine.

Emmy aliisoma sentensi hiyo ya mwisho, akacheka peke yake, kicheko kikavu kilichomfanya Hashim ageuke.

Daktari Jepkemboi alimpa pole ya kweli. Alikuwa na huzuni hata sauti yake ilibadilika. "Lakini kamati, Emmy," alisema, "haiwezi kukaa kusikiliza habari ya namba iliyokaribia kuwa." Nafasi ile ingekwenda kwa mwingine. Emmy alisema anaelewa, na alikuwa anaelewa.

Jioni alimpigia mamake.

"Namba imekataa, mama. Kompyuta ilikosea. Ilikuwa nzee."

Wilkista akasema, polepole, "Kumbe Hashim alikupatia kitu kibovu."

Hapo ndipo Emmy angesema. Nafasi ilikuwa wazi, pana kama mlango wa kanisa. Lakini alifikiri juu ya yule mama anayebeba pasi kwenda kwa jirani, akajiambia kwamba uongo mdogo hauumizi mtu.

"Ni bahati tu, mama. Si makosa ya mtu."

Lakini Wilkista hakukubali kuwa mwanawe ameangushwa na bahati. Alitaka mtu, na mtu alikuwa amepatikana. Chama kilisikia, kanisa likasikia, na watu wa Bungoma wana jamaa Kitale kwenye kila mtaa. Kabla ya wiki kwisha, yule karani wa ghala alikuja kuchukua mashine yake kabla haijakamilika.

"Si kwa ubaya, bana," alimwambia Hashim bila kumtazama usoni. "Nasikia tu zako zinadanganya."

Kesho yake Hashim aliweka vifaa vyake kwenye mkoba.

"Mwalimu, twende Kanduyi. Ile mashine niliijenga na mikono yangu. Kama ni mbovu, nataka niione ubovu wake, niseme mwenyewe."

"Hashim, hakuna haja. Tafadhali."

"Haja iko. Jina langu ndilo limekaa kwa mlango hapa, si lako."

Emmy alimfuata kwa kuwa hakujua namna ya kumzuia bila kueleza. Njia nzima alitafuta maneno. Aliyapata walipokuwa wakivuka kizingiti cha mamake, na yalikuwa yamechelewa.

Kwa kuwa vazi lilikuwa limerudishwa. Wilkista alikuwa amelifua tena, akalipiga pasi kwa jirani, na kulichomekea nyuma vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, ili hii namba ya pili isiingiwe na vumbi. Aliwakaribisha kwa baridi, kama mtu anavyomkaribisha aliyemkosea. Hashim alisalimia kwa heshima, akapiga magoti mbele ya mashine, akaigusa, na kurudisha mkono haraka.

"Wallahi! Nani ameivalisha hii maskini sweta?"

Alisema akicheka. Fundi husema maneno hayo kila siku, na wateja hucheka naye. Akaligeuza vazi, akaona ile plastiki, akacheka zaidi. "Na koti ya mvua ndani! Mama, hii ingechemka hata mayai. Hapa hata kompyuta mpya ya dukani ingesema moja na moja ni tisa."

Kisha aliuona uso wa Emmy, akaliachia lile vazi. Lakini Wilkista naye alikuwa ameuona. Alimtazama bintiye kwa muda mrefu, na Emmy aliona kila kitu kikipita ndani ya macho yale: wiki ya Mashujaa, kiganja juu ya maua, iache ipumzike, si makosa ya mtu.

"Ulijua," Wilkista alisema.

"Mama…"

"Siku ya chama. Tukiimba. Ulijua."

Hakungoja jibu. Alimgeukia Hashim, akamwomba msamaha kwa maneno machache, yaliyonyooka, kama anayesoma tangazo. Aliwapa chai. Hashim aliinywa kwa haraka akitazama chini.

*

Desemba ilipokuwa ikielekea mwisho, Emmy alikwenda kumuaga mamake kabla ya kuhamia Endebess. Hillary hakumcheka. Alimnunulia koti jeupe la dukani na kumwambia kwamba hesabu zake zitasaidia kupima dawa za ng'ombe, na kwa namna fulani wema huo ulimuuma kuliko mzaha wote wa chai iliyomwagika.

Mlango ulikuwa umeegeshwa. Aliingia sebuleni akadhani amepotea nyumba.

Viti vilikuwa uchi. Mikono ya mbao iliyochubuka, migongo yenye madoa ya miaka, sponji ikichungulia penye mshono uliokatika. Yote yaliyokuwa yamefichwa kwa maua sasa yalikuwa nje. Televisheni ilikuwa uchi. Redio ilikuwa uchi. Friji ilisimama na kutu yake. Pembeni palikuwa na gunia la mahindi lililofungwa mdomo, na kipande cha ua jeupe kimechomoza penye fundo.

Wilkista alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma ya kompyuta, mkononi ana kipande cha katoni. Alikuwa akipepea yale matundu, taratibu, bila kusimama, kama mtu anayempepea mgonjwa.

"Karibu," alisema bila kuacha. "Usifunge mlango. Hewa."

"Mama, vitambaa viko wapi?"

"Vimeharibu vya kutosha."

"Havikuharibu TV. Kiti hakipumui, mama." Emmy alijaribu kucheka. Alikwenda kwenye gunia akaanza kufungua fundo. "Na chama? Watakuja wakute hivi?"

"Zamu yangu nimempa Mama Wakonyo. Acha hilo gunia."

Aliliacha. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa kikivaa vizuri kuliko vyote, na kucha yake ikakwama kwenye mbao iliyopasuka. Katoni ilienda ikirudi. Kwenye kioo cha kompyuta aliona kitu ambacho mamake hangeweza kukisoma: hesabu ile ilikuwa imekwisha tangu asubuhi, namba ya pili imekataa nayo, na kwa kuwa Emmy hakuwa ameomba nyingine, mashine ilikuwa imekaa tu, baridi, haifanyi lolote.

"Imekuwa na baridi," Wilkista alisema. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kuwa na uhai. "Gusa. Nimeipepea tangu nitoke kwa shamba. Hii sasa itatoka, Emmy?"

Emmy aligusa. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Labda, mama," alisema.

Wilkista alibadilisha mkono, akaendelea kupepea.